Waridi la jangwani huuawa na maji

Mhariri,

Wengi wanaootesha waridi la jangwani, yaani adeniamu, huliua kwa maji, si kwa ukame. Kitako chake, yaani sehemu nene ya chini ya shina, ndicho tangi lake la maji. Ndoo 1 ya mboji ichanganywe na 2 za mchanga wa mtoni, chungu kiwe na matundu, jua lisipungue saa 6 kwa siku. Mwagilia udongo ukikauka hadi kina cha kidole.

Kitako kikilegea bila harufu, kina kiu tu. Kikibonyea na kunuka, kimeoza: ng'oa, kata hadi nyama ibaki nyeupe, kianike kivulini siku 7 ndipo upande upya. Majani yakipukutika wakati wa baridi, tafadhali msiongeze maji! Utomvu wake, uliopakwa mishale zamani, ni sumu, nawa mikono.

Mpenda bustani,
Tanga