Barua kwa mwanangu: kabla hujachagua shule ya PCM

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Hongera tena kwa B ya Hisabati ya kidato cha nne. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi wa kidato cha tano, wakifungua Selform, fomu ya machaguo ya mtandaoni, mtaruhusiwa kubadilisha machaguo ya tahasusi (kombi) na shule, na dirisha hilo huwa halikai wazi muda mrefu. Najua unataka PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Najua pia majina yanayozunguka hapa mtaani: Nganza, Bwiru Wasichana, Rugambwa ya Bukoba, na kwa wenye ndoto ndefu Kilakala na Msalato. Kila mtu ana yake ya kusifia. Kabla ya kujaza, naomba ukae na simu, daftari na kalkuleta, uyasome matokeo ya Hisabati ya kidato cha sita wewe mwenyewe.

Tangu Januari 2023 NECTA, Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora, na kwa maoni yangu walifanya vizuri. Orodha ile ilikuwa inakwambia shule fulani ni ya tatu kitaifa bila kukwambia lolote kuhusu Hisabati. Shule inaweza kubebwa na kombi za sanaa huku darasa la PCM linahangaika. Kwa hiyo wingi wa Daraja la Kwanza usikutie wazimu. Uruke, shuka moja kwa moja kwenye somo.

Fungua matokeo ya ACSEE, yaani mtihani wa kidato cha sita, kwenye tovuti ya NECTA, chagua mwaka, kisha kituo. Namba ya kituo ianze na S. Zenye P ni za watahiniwa wa kujitegemea, achana nazo. Chini ya jina la kituo utakuta kila mtahiniwa na mstari wake: namba, jinsi, pointi, daraja, kisha masomo na alama. Somo lako limeandikwa ADV/MATHS. Usilichanganye na BAM, hiyo ni hesabu ya msaada wanayosoma watu wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na wengineo. Chini kabisa kuna jedwali la masomo lenye idadi ya waliofanya, waliofaulu na GPA ya somo, yaani wastani wa pointi. Hapo kadiri namba inavyopungua ndivyo ufaulu unavyopanda, kwa sababu A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7.

GPA hiyo usiiamini peke yake. Chukua mfano huu wa kutunga. Shule ya kwanza ina watahiniwa 12 wa Hisabati: B mbili, C nne, D nne, E mbili. Jumla ya pointi ni 42, gawanya kwa 12, unapata 3.5. Shule ya pili ina watahiniwa 80: A 12, B 14, C 18, D 14, E 10, S 6, F 6. Jumla ni 278, gawanya kwa 80, unapata 3.48. Kwa GPA ni kama pacha. Lakini shule ya pili karibu theluthi wamepata A au B, na humohumo 12 wameishia S na F. Ya kwanza haina aliyeanguka, ila haina A hata moja. Hizo ni shule mbili tofauti kabisa.

Tena angalia udogo wa darasa. Kwenye shule ya kwanza, wawili tu wa C wangeugua siku ya mtihani wakapata F, GPA ingeruka kutoka 3.5 hadi 4.17. Kwenye ya pili, ajali hiyohiyo ingeisogeza kutoka 3.48 hadi 3.58. Ndiyo maana shule yenye PCM ndogo inaonekana nyota mwaka huu na mwakani imezama, wakati walimu ni walewale. Chukua miaka mitatu, jumlisha herufi zote pamoja, ndipo upige hesabu. Chini ya watahiniwa 30 kwa miaka yote mitatu, usitoe hukumu.

Jedwali la somo pia linachanganya PCM, PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) kwenye mstari mmoja. Watenganishe: kwenye mistari ya watahiniwa, mwenye PHYSICS na CHEMISTRY pamoja na ADV/MATHS ni PCM, mwenye ECONOMICS ni EGM. Inachosha, lakini kwa shule moja ni kazi ya nusu saa. Kwenye shule za mchanganyiko hesabu pia wasichana peke yao kwa kuangalia safu ya jinsi.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona la maana kuliko yote. Matokeo mazuri yanaweza kuwa kazi ya shule, au yanaweza kuwa ni wanafunzi walioingia wakiwa tayari wameiva. Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana ni shule za vipaji maalumu. Kuzilinganisha na shule inayopokea wenye C ni kuwaonea walimu wa huko. Njia ninayoipenda ni kulinganisha masomo ndani ya shule ileile. Wanafunzi wa PCM wanaosoma Hisabati ndio haohao wanaosoma Fizikia na Kemia. Bweni moja, chakula kimoja, vichwa vilevile. Piga GPA ya PCM kwa kila somo. Tuseme Fizikia ni 3.4, Kemia 3.2, Hisabati 4.9. Pengo la Hisabati na Fizikia ni 1.5. Fanya hivyo kwa shule zako zote. Kwa kuwa ugumu wa masomo hautofautiani kati ya shule na shule kwa mwaka mmoja, ukikuta kwingine pengo ni 0.3 na kwenye shule hii 1.5 miaka mitatu mfululizo, basi huko kwenye 1.5 kuna tatizo la ufundishaji wa Hisabati: mwalimu mmoja kwa mikondo mingi, au mada hazimaliziki.

Na mada zisipokwisha, mtihani haukusamehe. Karatasi ya kwanza, 142/1, ina maswali 10 yote ya lazima, kila moja alama 10. Mada mbili ambazo hamkufundishwa ni alama 20 zimeondoka kabla hujashika kalamu, na A inaanzia 80. Karatasi ya pili ndiyo yenye nafuu kidogo: manne ya lazima, kisha unachagua mawili kati ya manne.

Kuna na wanaopotea njiani. TAMISEMI huchapisha orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano, shule kwa shule na kombi kwa kombi. Tafuta ya miaka miwili kabla ya matokeo unayosoma. Kama walipangwa 70 PCM na waliofanya mtihani ni 38, uliza. Wengine hawakuripoti, walikwenda vyuo au shule binafsi, hilo ni la kawaida. Lakini shule nyingine huwahamisha wanaosuasua kwenda kombi nyingine kabla ya usajili wa NECTA, na alama za somo zinapendeza kwa sababu hiyo.

Usiridhike na neno kufaulu. Kwa TCU, tume ya vyuo vikuu, hesabu inageuka: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Chuo kikuu kinataka masomo mawili ya kuanzia E, na jumla yasipungue pointi 4. Ukipata E ya Hisabati unahitaji C ya Fizikia ili ufike hapo, na uhandisi una ushindani juu yake. Kwa hiyo kwenye daftari lako weka safu ya A hadi C, safu ya D na E, safu ya S na F. Hiyo ya kwanza ndiyo uipe uzito.

Zikibaki shule mbili au tatu, nitapiga simu kwa mwalimu wa taaluma wa kila moja. Nitauliza walimu wa Hisabati ya Advance (kidato cha tano na sita) ni wangapi na kama wameajiriwa au wanajitolea, kidato cha tano humaliza mada zipi kufikia likizo ya mwisho wa mwaka wa masomo, na majaribio ya Hisabati hutolewa kila baada ya muda gani. Ongeza maswali yako.

Umbali usikusumbue sana. Kupangwa kwenyewe hakuna uhakika, mfumo unagawa kwa ufaulu na nafasi, hivyo jaza kila nafasi ya chaguo kwa shule ambayo uko tayari kweli kwenda. Anza na Nganza na Rugambwa, miaka mitatu, halafu nitumie picha ya jedwali WhatsApp kabla ya Ijumaa ili nikague hesabu.

Mama yako