Mashine ya kupima plastiki katika maziwa haitoshi kama sampuli imechafuka

Ndugu Mhariri,

Kampuni ya maziwa ikitangaza kwamba imeanza kupima chembe za plastiki katika maziwa yake, kuna maswali mawili ya kuiuliza kabla ya kuipongeza. Imehesabu chembe kuanzia ukubwa gani? Na sampuli tupu, ile isiyo na maziwa, ilitoa chembe ngapi? Sisi tunaopima maziwa tunaona mazungumzo yote yakiishia kwenye bei ya mashine, na maswali hayo hayaulizwi.

Tuanze na ukubwa. Mwaka 2020 watafiti nchini Mexico walitoa matokeo ya sampuli 23 za maziwa ya dukani: wastani wa chembe 6.5 kwa lita. Mwaka uliofuata, timu nyingine iliyoshuka hadi chembe za mikromita 5 ilipata mamia katika kila mililita 100. Tofauti hiyo haikutokana na maziwa peke yake. Wale wa Mexico waliripoti chembe kuanzia milimita 0.1, yaani mikromita 100, na mvuvi mwenye wavu wa matundu makubwa haleti dagaa. Hakuna kiwango cha kisheria cha plastiki katika maziwa, si kwetu wala Ulaya, kwa hiyo kiwanda kinaweza kuchagua kichujio cha matundu mapana, kikatangaza sifuri, na mnywaji asijue lolote. Hilo linatuuma.

Maji ya bomba ukiyamimina kwenye kichujio, yanapita. Maziwa hayapiti. Tone la mafuta ya maziwa lina wastani wa mikromita 3 hadi 4, protini nayo inagandamana juu yake, na kichujio cha mikromita 5 kinaziba mapema sana. Lazima kwanza uyeyushe maziwa yenyewe na kuiacha plastiki salama, na hapo ndipo kazi nyingi inapoharibika.

Chukua lita nzima. Kama chembe kubwa ni sita tu kwa lita, mililita 100 huenda zisiwe na hata moja. Koroga tangi kwanza: polithini ni nyepesi kuliko maziwa na huelekea kupanda na krimu, ilhali plastiki ya chupa za soda ni nzito na huzama, kwa hiyo anayechota juu na anayefungua koki ya chini hawatapata jibu moja. Chota kwa upawa wa chuma cha pua, weka katika chupa ya glasi, na chini ya kifuniko tandika karatasi ya alumini, maana kifuniko chenyewe ni plastiki. Kisha tumia vimeng'enya vya kuvunja protini na mafuta, au potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 kwa nyuzi joto 40, saa 48. Usipandishe hadi 60 ili umalize mapema. Kwenye joto hilo dawa inaanza kula plastiki ya chupa, nawe unafuta kile ulichokuwa unakitafuta, maana plastiki ya chupa za soda ni mojawapo ya zinazoliwa. Asidi ya nitriki ni mbaya zaidi, kwani inamaliza nailoni.

Usisahau EDTA, dawa ya kuikamata kalisi. Bila hiyo, mafuta yaliyogeuka sabuni yanashikana na kalisi ya maziwa na kuwa utando usioyeyuka. Ukiangalia kwenye hadubini unaona vipande vyeupe, vyembamba, vyenye kingo zilizochanika, na mpimaji mgeni atavihesabu vyote kuwa plastiki.

Sampuli tupu ni maji yaliyochujwa, yakapitishwa katika chupa zilezile, dawa zilezile, kwa muda uleule wa kukaa wazi. Fanya kumi kabla ya kugusa maziwa. Chukua wastani wake, ongeza mara tatu ya mkengeuko wake sanifu, yaani kipimo cha jinsi hesabu zile kumi zinavyotofautiana, na chochote kilicho chini ya hapo usikiripoti. Ovaroli za kiwandani huwa zimechanganywa poliesta, na ukikunja mkono tu juu ya faneli nyuzi zinadondoka. Vaa koti la pamba tupu, tena la rangi isiyopatikana kwingine, kama waridi iliyokolea, ili uzi wako ukiuona uutambue. Pima pia upotevu: tia chembe 100 za polithini nyekundu katika maziwa na uone ngapi zinarudi. Zikirudi 60, basi nyingine 40 zimepotea njiani, labda zimenasa kwenye kuta za chupa, na hesabu zako zote ziko chini ya ukweli.

Mashine inakuja baada ya hayo, nayo ina mitego yake. Kifaa cha infraredi humulika chembe, huchora jinsi inavyomeza mwanga huo, na kulinganisha mchoro na michoro iliyohifadhiwa. Kwenye mchoro huo, ambao namba zake ni za mawimbi kwa kila sentimita, mafuta ya maziwa yana vilele karibu na 2,920 na 2,850, na polithini inavyo vilevile. Kinachoyafichua mafuta ni kilele cha 1,745 ambacho polithini safi haina. Protini nayo hufanana na nailoni kati ya 1,540 na 1,650. Mpimaji anayekubali kila jibu ambalo kompyuta imelipa alama 70 kati ya 100 ataandika siagi kuwa plastiki. Upande wa pili, mpira mweusi wa kwenye viungo vya mabomba una masizi yanayomeza mwanga wote, hivyo chembe zake zinaweza kupita bila kutambuliwa kabisa. Hizo zinahitaji mashine inayochoma chembe na kupima mvuke wake. Mashine hiyo inatoa uzito, si idadi.

Uzito una faida nyingine. Homojenaiza, mashine ya kuvunja matone ya mafuta ili krimu isijitenge, inasukuma maziwa kwa mgandamizo mkali sana, na chembe moja inaweza kutoka ikiwa vipande kadhaa. Idadi inapanda ingawa hakuna plastiki mpya iliyoingia.

Faida kubwa ya kupima ni kujua plastiki inaingilia wapi. Kule Mexico, aina zilizojitokeza sana zilikuwa polisalfoni na poliethasalfoni, plastiki zinazotengenezewa vichujio vya utando vya viwanda vya maziwa. Kwa hiyo chukua kundi moja la maziwa ulifuate: ndoo ya mkamuaji, mtungi, baada ya chujio, lori, tangi, baada ya kupashwa joto, ndani ya pakiti siku ya kwanza, ndani ya pakiti siku ya saba. Mahali idadi inaporuka, na uzito nao ukapanda, ndipo pa kutengeneza.

Kwetu tungeanza kutazama mapema zaidi, kwenye madumu ya mafuta ya kupikia yanayotumika kubebea maziwa. Dumu hilo lina mdomo mwembamba usioingiza mkono, kwa hiyo watu wanatia mchanga au vijiwe na maji, wanatikisa mpaka utando utoke. Lifungue kwa msumeno uone ndani: limekwaruzwa lote, mikwaruzo ina vinyweleo vya plastiki vinavyong'oka kwa ukucha, na maziwa yaliyoganda yamejificha humo pamoja na bakteria. Chujio la kitambaa cha nailoni lililofuliwa miezi mingi nalo linatoa nyuzi.

Si kila kiwanda kinahitaji mashine yake. Viwanda vichache vinaweza kuchangia maabara moja, kila kimoja kikabaki na glasi, pampu ya kuvutia na sampuli tupu zake. Tunaziomba KEBS na TBS, mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania, zidai kila ripoti ionyeshe ukubwa mdogo kabisa uliohesabiwa, idadi ya sampuli tupu na asilimia ya chembe zilizorudi. Wakati hayo yakisubiriwa, kituo cha kukusanyia maziwa kinaweza kukataa madumu na kudai mtungi wa alumini wenye mdomo mpana, na chujio la waya wa chuma cha pua badala ya kitambaa.

Wapimaji wa maziwa,
Nakuru, Kenya