Kuhusu dogo na godoro

Shoga yangu Mama Iddi,

Mzima? Voisi yako niliisikiliza jana usiku nikairudia mara mbili, ile sehemu unasema tangu wezi waingie kwenu na panga usiku ule, dogo wako Iddi kaanza tena kukojoa kitandani na miaka saba yote, na kwamba Jumatatu ulimchapa. Sikulaumu mwenzangu, asubuhi godoro limelowa, uniform haijapigwa pasi, na daladala haisubiri mtu. Ila kuna kitu sijawahi kukuhadithia vizuri.

Si unajua mi nimekulia Mbagala. Mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi tarehe 29 Aprili 2009 nilikuwa darasa la tatu, siku ya Jumatano, hata saa sita haijagonga vizuri. Tulikimbia tu hakuna anayejua tunaelekea wapi, mi nilifika Kwa Azizi Ally na kiatu kimoja, mama akaja kunipata usiku kwa shangazi. Nyumbani tulipona wote, nyumba ikapata nyufa, wakubwa wakasema tumshukuru Mungu, watoto hawa watasahau.

Sikusahau bwana, niliacha kuongea tu. Mtu akibamiza mlango nashtuka, radi ikipiga naingia uvunguni, darasani macho yapo ubaoni masikio yapo nje, nikashuka kwenye mitihani nikaambiwa mvivu. Halafu tarehe 16 Februari 2011 Gongo la Mboto nako kukalipuka, usiku, mi nikajikojolea nimesimama, msichana mkubwa wa miaka kumi na moja. Wenzangu wakaniita kikojozi mwezi mzima.

Aliyenisaidia ni bibi, alikuja kutoka Rufiji akakaa miezi mitatu. Hakuniuliza mbona unakojoa. Jioni tunachambua mchele, yeye anauliza tu, eti siku ile ulipita njia gani? Namwambia. Kesho anauliza tena kama hajawahi kusikia, na mi naongeza kidogo, mpaka siku moja nikamwambia nilimwachia mkono mdogo wangu kwenye vurugu. Nilikuwa nimekaa na hilo karibu miaka miwili, naamini mi ndo mbaya, na dogo mwenyewe alifika salama anakula ubwabwa! Watoto wako hivyo, jambo baya likitokea wanajibebesha wenyewe. Kwa hiyo na Iddi usishangae akiwa anawaza wale wezi waliingia kwa sababu yeye hakufunga mlango au hakupiga kelele. Muulize taratibu, mkiwa mnafanya kazi nyingine, sio umemkalisha kwenye kiti kama polisi.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba mtoto akiona hatari, panga lile mbele ya mama yake, mwili wake unawasha kengele, moyo mbio, usingizi wa mang'amung'amu, na wezi wakishaondoka kengele haizimi. Kukojoa hakusudii, amelala. Sasa ukimchapa unamwambia hata mama naye ni wa kuogopwa. Na huo mchezo wake wa majambazi unaokukera, usimkataze, ndo anavyojaribu kulielewa. Kaa karibu uangalie. Kama kwenye mchezo hakuna anayekuja kuokoa, jiingize wewe, kuwa jirani, piga filimbi, fukuza wezi kwa mwiko.

Usimwambie "hawarudi tena" maana hujui na yeye anajua hujui. Muoneshe komeo jipya, akaze skrubu moja mwenyewe. Muda wa kulala uwe ule ule, mpeleke chooni, acha taa ya koridoni, luku itajipa tu. Na tafadhali habari ya usiku ule usiihadithie kwa kila mgeni na yeye yupo.

Baba Iddi naye, huo wimbo wa mwanaume halii auache kwanza. Kuna madaktari Marekani, Felitti na Anda, mwaka 1998 walitoa utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000, wakakuta kadiri mtu alivyopitia mabaya mengi utotoni ndivyo ukubwani anavyokuwa kwenye hatari zaidi ya ulevi, sonona, hata magonjwa ya moyo. Sio kwamba Iddi kashaharibika, hapana, mtoto mwenye mtu mzima mmoja tu aliyetulia pembeni yake anaweza kuinuka vizuri sana. Ila mtu huyo hawezi kuwa wewe kama na wewe unakesha dirishani. Umelala lini mara ya mwisho? Mwambie dada yako alale hapo siku mbili tatu.

Ikipita mwezi na bado anaota, halali, hataki shule, mpeleke hospitali ya wilaya umuulizie na afisa ustawi wa jamii, au piga 116 ya watoto, ni bure. Usiende kuambiwa kapagawa ukatoe kuku.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Nakuletea mpira wa kutandika juu ya godoro, na mchele kilo tano haujachambuliwa, mwambie Iddi atanisaidia kutoa mawe.

Mwenzio,
Mama Pili