Tulimwona simba langoni tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze yaliyotupata mimi, walimu wenzangu wawili na wanafunzi 52 wa Gredi ya 5 tulipozuru bustani moja ndogo ya wanyama pembezoni mwa jiji la Nairobi, wiki ya mwisho ya muhula uliopita. Bustani hiyo sitaitaja kwa jina, wala shule yangu, kwa kuwa sina nia ya kumharibia mtu riziki yake. Tena nakiri mapema kwamba sehemu ya lawama ni yangu, maana ndimi niliyepapendekeza mahali hapo katika kikao cha walimu, baada ya kuona kwenye simu tangazo lenye picha ya simba dume akipiga miayo.

Kila mzazi alitakiwa kutoa shilingi 1,200 za basi, kiingilio na chakula cha mchana. Yupo msomaji ambaye kiasi hicho hakitamshtua, lakini shule yetu iko Eastlands, na wazazi wetu wengi ni wachuuzi wa sokoni, mafundi wa jua kali na akina mama wanaofua nguo za watu katika mitaa ya mbali. Baadhi yao walilipa kwa awamu tatu, na wawili walituma shilingi 300 za mwisho usiku wa kuamkia safari. Watoto wanne hawakuweza kulipa kabisa, nasi walimu tukawachangia. Nayataja haya ili ijulikane fedha hizo zilikuwa na uzito gani zilipofika kwa karani wa tiketi, ambaye alizihesabu, akatukatia stakabadhi yenye maneno "ziara ya elimu", kisha akatuonyesha kwa kidole mahali pa kuingilia. Barua hii inahusu maneno hayo ya kwenye stakabadhi.

Tulikuwa tumejiandaa kwa wiki mbili. Katika somo la Sayansi na Teknolojia tulikuwa tumefikia mada ya wanyama wenye uti wa mgongo, na kila kikundi kilikuwa kimepewa jamii yake ya kuichunguza: samaki, amfibia, reptilia, ndege au mamalia. Kila mtoto alikuwa na maswali matatu daftarini. Msichana mmoja wa kikundi cha reptilia alitaka kujua kama ni kweli mamba hulia, kwa sababu alikuwa amekutana na msemo wa machozi ya mamba katika somo la Kiswahili na maelezo yangu hayakumtosheleza. Mvulana wa kikundi cha mamalia aliandika swali ambalo mimi nililipenda kuliko yote: kwa nini fisi ni mlafi na mjinga katika kila hadithi, na je, kuna mtu aliyewahi kumchunguza akathibitisha hivyo?

Basi lilikaa kwenye msongamano karibu saa mbili, lakini watoto waliimba njia nzima. Langoni palikuwa na ukuta mrefu uliochorwa simba yule yule wa kwenye tangazo, mkubwa kama nyumba, wakapigwa picha mbele yake. Tulipoingia, swali la kwanza, na hakuna atakayeshangaa, lilikuwa simba yuko wapi. Mhudumu wa kwanza alitujibu kwamba yuko kwa daktari. Wa pili, mzee mmoja aliyekuwa akisukuma toroli la majani, alitwambia kwa upole kwamba simba alikufa kitambo, kabla yeye mwenyewe hajaajiriwa hapo. Simba kufa si kosa la mtu, maana wanyama hufa. Kosa ni kuendelea kumwuza simba aliyekufa kwa watoto wa miaka kumi, na kumtuma mhudumu aseme uongo ambao mwenzake anaukanusha hatua ishirini mbele.

Hatukupewa mtu wa kututembeza. Nilipouliza, niliambiwa kwamba vibao vimeandikwa kila kitu. Vingi vilikuwa vimefifia kwa jua hata havisomeki, na vilivyosomeka vilikuwa vya Kiingereza kitupu. Katika kizimba kimoja alikuwamo mnyama mwembamba wa jamii ya paka, mwenye miguu mirefu, masikio makubwa yaliyosimama na madoa meusi juu ya manyoya ya rangi ya nyasi kavu. Kibao kilisema huyo ni duma. Mhudumu aliyekuwa akipita alisema ni chui. Watoto, ambao tumewafunza kuandika wanachoambiwa na mwenyeji, waliandika yote mawili. Mnyama yule alikuwa mondo.

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Sisi wengi tunaozungumza Kiswahili tumezoea kumwita kila paka mwenye madoa chui, ilhali lugha yetu imempa kila mmoja jina lake. Duma ana michirizi miwili myeusi inayoteremka kutoka machoni hadi mdomoni kama aliyelia. Chui ana madoa yaliyojikusanya katika viduara, naye ana mwili mzito na kichwa kipana. Mondo ni mdogo kuliko wote wawili, na masikio yake makubwa humsaidia kumsikia panya akitambaa ndani ya nyasi ndefu, kisha akamrukia kutoka juu. Mtoto akielezwa hivyo mara moja, huku mnyama mwenyewe amesimama mbele yake, hasahau. Mtoto wa Eastlands ambaye hajawahi kwenda Mara wala Tsavo huenda asimwone tena mondo maishani, na siku hiyo moja alipomwona alipewa majina mawili ya uongo na kulipishwa kwa hayo.

Kizimba cha nungunungu kilionekana kitupu, watoto wakahitimisha kwamba naye amekufa kama simba. Ilibidi niwaeleze kwamba nungunungu hulala mchana na kutoka usiku, na kwamba bila shaka amejikunyata ndani ya lile pipa. Tumbili alikuwa mmoja peke yake, ingawa tumbili ni wanyama wa kuishi kwa makundi, na wageni wengine walikuwa wakimrushia chipsi huku wahudumu wakitazama. Mamba alikuwa ameota jua bila kujitikisa, na mhudumu, akidhani anatufanyia hisani, aliokota kokoto akamtupia ili "aamke". Kulikuwa na nafasi pale ya kuwaambia watoto kwamba mwili wa mamba hutegemea joto la nje, kwamba huota jua ili apate nguvu na hufungua kinywa ili apoe, na kwamba machozi anayo kweli, ya kulainisha macho, ila hayana uhusiano wowote na huzuni. Msichana wangu alikuwa ameshika daftari tayari. Alichojifunza ni kwamba mamba hupigwa mawe.

Naye fisi alikuwa akitembea kando ya ua, akifika pembeni anageuka, anarudi alikotoka, anageuka tena, na ardhi ilikuwa imechimbika kijia kwa nyayo zake. Yule mvulana wa swali la fisi alisimama hapo muda mrefu kuliko wenzake, kisha akaniuliza, "Mwalimu, anatafuta nini?" Nilimweleza kwamba mnyama aliyewekwa mahali padogo, asiye na la kufanya, huishia kurudia mwendo ule ule mchana kutwa. Nikamwambia pia, kwa yale machache niliyoyasoma, kwamba fisi madoa huwinda mwenyewe kwa ustadi na hategemei mizoga peke yake, na kwamba katika ukoo wao jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye amri. Alifurahi kusikia hivyo, lakini maelezo hayo angeyapata darasani bila basi wala kiingilio.

Penye bidii ya kweli katika bustani hiyo palikuwa sehemu ya nyuma. Huko hapakukosekana wahudumu. Kumpanda ngamia mzunguko mmoja ni shilingi 150, kumlisha kobe majani ni 50, kupakwa rangi usoni ni 100, na jumba la kurukia lililojazwa upepo lina bei yake. Hakuna lolote kati ya hayo tulilokuwa tumeambiwa kwenye simu tulipolipia nafasi. Darasa langu, lililotoka shuleni likiwa kitu kimoja kwa sare na kwa nyimbo, liligawanyika pale pale kati ya watoto waliopewa pesa za mfukoni na watoto wasiokuwa nazo. Wenye pesa walipiga foleni kwa ngamia. Wasiokuwa nazo walikaa kwenye nyasi wakiwatazama, na mmoja wa wale wanne tuliowachangia aliniambia kwamba yeye hampendi ngamia. Tuliporudi na kuandika insha, zaidi ya nusu ya darasa waliandika juu ya ngamia, ama walivyompanda ama walivyokosa kumpanda. Neno mondo lilikuwa katika insha sita.

Nilimpigia meneja simu wiki iliyofuata. Alinisikiliza kwa adabu, akasema kwamba watoto huwa wanafurahi, akaniahidi punguzo tukirudi.

Wapo watakaoniuliza kwa nini hatukwenda kwingineko, na wana haki ya kuuliza. Nairobi imebarikiwa kuliko miji mingi duniani. Tuna hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 117, iliyopo tangu 1946, ambamo simba hulala na mnara wa jiji unaonekana nyuma yake. Langoni mwake, barabara ya Lang'ata, kipo kituo cha wanyama yatima kilichoanzishwa 1964, na kando yake ni ile njia ya miguu ya Safari Walk. Tuna Kituo cha Twiga, na tuna nyoka wa kwenye Makumbusho ya Kitaifa. Jibu langu la kweli ni kwamba tangazo lilinivutia, karani alijibu simu haraka, na mahali pale paliahidi bembea ambazo watoto wangezipenda. Sikutangulia kwenda kupaona. Fomu ya ruhusa niliyoijaza kabla ya safari iliniuliza bima ya basi, jina la dereva na idadi ya walimu, lakini haikuniuliza kama mahali tunapokwenda nimepatembelea, wala nani atakayewafundisha watoto tukifika. Ningeulizwa, ningeaibika, na labda ningechukua matatu Jumamosi moja nikaenda kuangalia.

Hata hivyo sikubali hoja kwamba bustani ndogo haiwezi kutoa elimu kwa sababu haina fedha wala simba. Kobe mmoja anatosha kipindi kizima akipata mtu wa kumweleza: gamba lake limeshikamana na uti wa mgongo na mbavu, kwa hiyo hawezi kutoka ndani yake kama wanavyoonyesha kwenye katuni, na hilo peke yake lingekuwa somo kamili kwa darasa linalosoma juu ya uti wa mgongo. Yule mzee wa toroli, nilipozungumza naye baadaye, alijua kila mnyama hula nini, hula mara ngapi na yupi huumwa msimu wa baridi. Hakuna aliyewahi kumwomba aseme na wageni. Angevuliwa kazi ya majani kwa saa mbili kila shule inapokuja, bustani hiyo ingekuwa na mwelekezi bila kuajiri mtu mpya.

Kwa upande wa wenye mamlaka, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ndilo lenye jukumu la kufuatilia. Ukatili dhidi ya wanyama nao una sheria yake, Sura ya 360. Sina ujuzi wa kusema kama vizimba nilivyoviona vinatimiza masharti, na kazi hiyo nawaachia wakaguzi. Ninachoomba ni kwamba mkaguzi anapomaliza kupima ua na kukagua chakula, asome pia vibao, na aulize ni nani huzungumza na watoto. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa na habari anazohitaji ili afaidike nayo. Mtu anayeuza tiketi ya "ziara ya elimu" aulizwe elimu hiyo iko wapi, kama vile muuza maziwa anavyoulizwa kuhusu maji. Na maafisa wa elimu wanaotia sahihi fomu zetu waongeze swali moja tu juu ya mwalimu kutangulia kupaona mahali.

Wazazi wawili wameniuliza kama watarudishiwa chochote, nami nimewaambia ukweli kwamba sidhani. Wanafunzi kwa upande wao wamechukua kadibodi za maboksi ya vitabu na kuandika vibao vitano kwa Kiswahili, vya mondo, fisi, nungunungu, mamba na kobe, kila kimoja na sentensi tatu ambazo tumezihakiki pamoja. Cha mondo kimeandikwa na mtoto asiyempenda ngamia. Nitavipeleka mwenyewe bustanini likizo hii, na meneja akivikubali au akivikataa nitakuandikia tena, Mhariri.

Wako,
Mwalimu wa Gredi ya 5,
Eastlands, Nairobi