Kabla hujauimba "Kijiti"

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Umeniambia umempenda Siti Muharam na unataka kuuimba wimbo wa taarabu "Kijiti" kama yeye. Nimefurahi sana. Huyo ni kitukuu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na albamu yake ya 2020 inampeleka kijana moja kwa moja kwenye nyimbo za bibi yake. Ila usijifunzie hapo peke yake. Katikati yupo Bi Kidude, aliyefariki 2013, naye aliuimba wimbo huohuo kwa namna yake. Kila aliyeupokea ameongeza chake na kuacha kingine. Basi rudi nyuma kidogokidogo: kwanza huyu wa sasa, halafu Bi Kidude, mwisho santuri za Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928.

Anza na maneno, tuni itangoja. Vaa spika za masikioni, maana spika ya simu inameza s, f na ch. Sikiliza sekunde 20 au 30, simamisha, andika ulichosikia, rudia. Ukitumia programu ya kuondoa mikwaruzo ya santuri, iweke kidogo sana. Ikizidi inaondoa mkwaruzo pamoja na herufi hizohizo, na neno linageuka jingine.

Kisha hesabu mizani, yaani silabi. Chukua "kumchukua mgeni": ku-m-chu-ku-a-m-ge-ni, mizani 8. Hizo m mbili kila moja ni mizani kamili, na vijana wengi huzimeza, wakabaki na 6, halafu wanavuta irabu ili kuziba pengo. Hapo ndipo wimbo unapoanza kuyumba. Kipande kikikuzidi mizani, tazama kama mwimbaji hakupachika "eti" au neno jingine la kujazia. Liandike kando, kwa penseli.

Neno usilolijua usiliimbe. Humo mna "foliti", mchezo wa watoto wa kukimbizana na kujificha. Ukiujua mchezo huo ndipo utasikia uchungu wa neno lenyewe, kwa sababu wimbo unaeleza mgeni wa kike aliyechukuliwa kama kwa mchezo, akarudishwa maiti. Kijiti, mwanamume aliyefanya hayo, akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu. Siti binti Saad aliimba kuilaumu mahakama. Nimesikia watu wakiuimba huku wanatabasamu kwa kuwa mdundo unachezeka, na inaniuma kila mara.

Sasa tuni. Santuri za wakati ule zilizunguka kama mara 78 kwa dakika. Aliyeihamisha kwenye kompyuta akiizungusha mara 82, sauti yote inapanda karibu nusu toni na mwimbaji anakuwa na pua nyembamba asiyokuwa nayo. Hapo ukikaa na kinanda utaona hakikubaliani, utadhani bibi alikosea. Pima hivi: sauti zote zikiwa zimepanda kwa kiasi kilekile, kosa ni la mwendo, rekebisha mwendo. Ikiwa ni sauti moja au mbili tu zinazoangukia kati ya vidole viwili vya kinanda, usiziguse. Hiyo ni robo toni ya makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Katika makamu ya Rast, kwa mfano, sauti ya tatu inakaa kati ya Mi na Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu toni), na kinanda cha kawaida hakina mahali pa kuiweka. Jifunze kwa udi au fidla, ambazo shingo zake hazina vigawanyo, na mwombe mpigaji aishike sauti hiyo moja mpaka koo lako litulie juu yake. Kinanda kitakunyoosha vibaya, na kulirudisha sikio baadaye ni kazi ya miezi.

Jambo jingine: upande mmoja wa santuri uliingia dakika 3 hivi tu, na taarabu ukumbini huenda mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo usidhani beti za kwenye santuri ndizo zote. Ukikutana na wazee wa vikundi, wasomee ulichoandika badala ya kuwaimbia. Ukiimba watakusifu tu kwa heshima. Ukisoma watakukatiza palipokosewa, na hapo ndipo utapata ubeti uliokosekana.

Nitumie daftari kwanza, kabla ya sauti. Tutapitia mizani pamoja.

Mama yako