Barafu nayo ni maji, ihesabiwe kwenye kahawa

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa mapishi ndo huwa naanza nao kabla hata ya siasa, sasa leo naomba unipe kanafasi kidogo maana kuna jambo limenikaa rohoni toka mlipotoa yale mapishi ya kahawa ya barafu ya kutengeneza nyumbani kwa mashine ile ndogo ya kuweka juu ya kabati. Niliyafuata neno kwa neno. Vijiko vinne vya kahawa, maji mpaka alama ya vikombe vinne, washa mashine, iache kahawa ipoe humohumo kwenye jagi lake, halafu mimina kwenye glasi iliyojaa barafu. Jirani yangu alikua amekuja kuomba chumvi nikamwambia subiri kwanza uonje kitu, akanywa funda moja akaniangalia akasema mama, hii mbona kama umesahau kuweka kahawa? Na alikua sahihi kabisa, ilikua na rangi ya maji ya kusuuzia sufuria na ladha ya uchungu wa kuungua kwa mbali, basi.

Niliumia kwasababu ile kahawa ilitoka nyumbani, Kibosho kule Kilimanjaro, kwenye kihamba cha mzee wangu, yani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na nitaieleza baadae kidogo.

Nianze na hilo la kuipoza humohumo. Mhariri hizi mashine za kudondosha kahawa, zile za kawaida ambazo wengi tunazo, zina waya mmoja tu wa moto pale chini. Waya huohuo ndo unachemsha maji kwenye kimrija mpaka yanapanda juu kwa kusukumwa na mapovu na kuangukia kwenye kahawa, na waya huohuo ndo unapasha ile sahani nyeusi jagi linapokaa. Sasa ukisema kahawa ipoe hapohapo juu ya sahani si umeiweka jikoni? Mimi nilisubiri nusu saa nzima, nagusa jagi bado linaunguza, na kahawa ilikua inazidi kuiva inageuka chungu kama shubiri. Ikimaliza kudondoka toa jagi palepale, zima, chomoa na plagi.

La pili ndo kubwa na ndo lililonifanya nishike simu niandike. Mapishi yenu yametaja kahawa, yametaja maji, barafu ikaachwa iwe "kiasi upendacho". Barafu sio pambo jamani, barafu ni maji! Yani ni maji yaliyolala tu, yakiguswa na moto yanaamka. Kijana wangu yuko sekondari, nilipomlalamikia akaleta daftari lake la fizikia tukakaa mezani tukapiga hesabu, na hiyo hesabu imenibadilisha mpaka leo. Kilo moja ya barafu ili iyeyuke tu, bila hata kupanda joto, inakula joto linalotosha kuishusha kilo nzima ya maji kutoka nyuzi 80 mpaka sifuri. Na kahawa ikitoka kwenye mashine inakua hapohapo kwenye 75 au 80. Maana yake ni nini, ukitaka kuipoza kahawa ya moto iwe baridi ya kweli unahitaji barafu ya uzito karibu sawa na kahawa yenyewe, na karibu yote itayeyuka humo ndani, kwahiyo kahawa uliyoipika inaongezwa maji mpaka inakua karibu mara mbili mbele ya macho yako. Kama uliipika ya kiasi cha kunywa moto lazima iwe maji matupu, hata ungekua fundi namna gani.

Dawa yake ni kuyatoa yale maji mwanzoni. Ile sehemu ya maji ambayo italetwa na barafu usiiweke kwenye tangi. Mimi saivi nafanya hivi na naomba muichape kama nilivyoiandika: kahawa gramu 30, ambayo ni kama vijiko 6 vya chakula vya kufuta usawa, maji mililita 300 tu kwenye tangi, na barafu gramu 250 kwenye jagi la stili pembeni. Maji yakiisha kupita unakuta kwenye jagi la mashine kama mililita 240 hivi kwasababu ile kahawa iliyobaki kwenye chujio nayo imekunywa yake, kila gramu inashika karibu gramu mbili za maji. Hiyo 240 ni nzito, nyeusi, ukiionja ya moto unakunja uso. Unaimimina yote kwa mkupuo juu ya barafu, unakoroga mpaka usikie vipande vimepungua kugonga, inatosha glasi mbili kubwa, baridi kabisa na kahawa bado iko pale. Na harufu! Ukiipoza ghafla hivyo ile harufu inabaki ndani ya glasi, sio ile ya kuiacha mezani masaa ikapoa yenyewe, harufu inakua imeshajaza nyumba na kwenye kikombe hakuna kitu.

Naomba niseme pia kwa herufi kubwa kama gazeti linaruhusu, BARAFU ISIWEKWE KWENYE LILE JAGI LA KIOO LA MASHINE. Kuna watu wanataka kuokoa hatua wanajaza barafu kwenye jagi la kioo wanalirudisha juu ya sahani ya moto kahawa idondokee humo, chini linapikwa ndani linaganda, kioo kinapasuka. Na ukisema basi niweke jagi la stili chini ya chujio badala ya lile la kioo, angalia kwanza, mashine nyingi zina kakizibo ka springi pale kahawa inapotokea na kanasukumwa na mfuniko wa jagi lake lenyewe, ukiweka jagi lingine kanabaki kimefunga na kahawa inafurika juu. Kwangu ilifurika ikashuka mpaka kwenye droo ya vijiko. Mimina kwa mkono, ni sekunde tano.

Hizo alama za vikombe nazo zinapoteza watu. Kikombe cha kwenye mashine sio kikombe cha chai cha nyumbani kwako, ni mililita 125 mpaka 150 kutegemea mashine, wakati kikombe chetu cha asubuhi ni 250 na zaidi. Kwahiyo "vikombe vinne" vya mapishi yenu kila msomaji kapima vyake. Andikeni mililita, hata chupa ya maji ya nusu lita kila mtu anayo anaweza kukadiria.

Kuhusu kahawa yenyewe, wengi tunanunua ile iliyosagwa kwa ajili ya kuchemsha kwenye dele, laini kama unga wa sembe. Ile ni nzuri sana kwa kazi yake, jioni na kashata hakuna mfano wake, ila kwenye karatasi ya mashine inaziba kama udongo wa mfinyanzi, maji hayapiti yanajaa yanamwagikia pembeni. Mwambie anayekusagia akusagie ya chenga, iwe kama sukari ya kawaida ukiishika kwenye vidole. Na wanaofungasha kahawa nao wangeandika tarehe ya kukaanga, sio tarehe ya kuisha tu, maana kahawa ikishasagwa na kukaa wazi wiki kadhaa inabaki rangi.

Sasa maji. Huku kwetu Tabata mtaani wengi tunatumia kisima na maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, kwenye chai ya maziwa na tangawizi huisikii sana ila kwenye kahawa baridi inajitokeza mbele kabisa. Tena yanaacha ukoko mweupe ndani ya kale kamrija, mashine inaanza kukoroma na kutoa mvuke mwingi maji kidogo, watu wanasema imekufa wanaipeleka kwa fundi. Haijafa. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, pitisha kwenye mashine bila kahawa, katikati zima iache kama nusu saa, malizia, kisha pitisha maji safi mara mbili tatu mpaka harufu ya siki iishe. Mimi nafanya kila mwezi. Ya kunywa na ya kugandisha barafu natumia maji ya chupa au ya bomba niliyoyachemsha.

Na hiyo barafu nayo ifunikwe. Friza zetu zina samaki, zina nyama, zina utumbo, barafu inanyonya harufu vibaya mno, na umeme ukikatika ikayeyuka ikaganda tena ndo inakua mbaya zaidi. Kahawa ya arabika ikinusa kibua hakuna sukari ya kuiokoa. Mimi nina treyi mbili naziweka kwenye kontena la mfuniko, moja ya maji na moja nagandishia kahawa iliyobaki, yani kahawa inakua ndo barafu yenyewe, hii ndo ya kuongezea kwenye glasi ukitaka unywe taratibu na mgeni bila kinywaji kupauka.

Sukari usiiweke kwenye baridi, inayeyuka kwa shida inakaa chini kama mchanga na watu wanaendelea kuongeza. Pika shira nyepesi, sukari kikombe maji kikombe, tupia iliki mbili tatu zilizopondwa, ikae kwenye chupa kwenye friji. Maziwa yachemshwe, yapoe, utando utolewe, yaingie mwisho. Na tafadhali maziwa yasiwekwe kwenye tangi la mashine, wifi yangu aliweka akidhani atapata kahawa ya maziwa moja kwa moja, yaliungulia ndani ya mrija na mpaka kesho ile mashine inanuka.

Nilisema nitaeleza ya Kibosho. Mimi nimekulia kwenye kahawa Mhariri. Nikiwa mdogo tulikua tunachuma zile nyekundu tu chini ya migomba, moja moja, ukichuma ya kijani mama anaiona kwenye kikapu hata kama umeificha chini, halafu kuimenya kwenye mashine ya mkono, kuilowesha, kuiosha, kuianika kwenye vichanja na mvua ikitishia wote mbio kwenda kuifunika, hata kama uko mezani unakula. Yote inaenda chamani, yani chama cha ushirika, kwenye mnada Moshi, inapanda meli. Nyumbani tulikua tunakunywa chai! Kahawa yetu wenyewe nimekuja kuijua ladha yake nikiwa mtu mzima hapa Dar, na kwenye hili joto la Desemba mpaka Machi ya moto mchana haipandi, ndo nikapenda ya barafu.

Mwezi uliopita mama alikuja kliniki akakaa kwangu wiki mbili. Nikamtengenezea kwa vipimo hivyo hivyo, bila maziwa, shira kijiko kimoja. Akaishika glasi kwa mikono miwili kwanza akashangaa baridi, akanusa, akanywa, akanyamaza, akanywa tena. Akasema hii ni ya mti wa zamani, ile ya bonde la juu. Sikujua kama ni kweli ila kakangu alipopigiwa simu alithibitisha kwamba gunia lile lilitoka huko juu. Kinywaji cha maji matupu kisingemwambia mama kitu kama hicho.

Kwahiyo ombi langu mkirudia yale mapishi muandike uzito wa barafu pamoja na kahawa na maji, mstari mmoja tu, na mtoe ule wa kuacha kahawa ipoe kwenye jagi. Kama mna nafasi wekeni na picha ya glasi kabla na baada ya kukoroga, watu waone barafu imeenda wapi.

Wenu,
Mama wawili,
Tabata, Dar es Salaam