Mwanangu, zile muvi zisizo na sauti ulizozicheka

Mwanangu,

Salaam sana. Huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimia na anauliza kama ule unga wa muhogo ulifika au uliugawa njiani. Nimekaa baada ya Alasiri nikaona bora niandike, maana kwenye simu maneno hayakai, unapiga uko ndani ya daladala mi namsikia konda kuliko ninavyokusikia wewe.

Ni lile swali lako la Idi. Ulitukuta sebuleni usiku, tivii inaonyesha picha nyeusi na nyeupe, watu wanakimbiakimbia, sauti hakuna hata kidogo, ukasema "baba, hii tivii imekufa spika?" ukacheka, mama yako naye akacheka kwa sababu aliona umecheka. Sikukujibu. Nakujibu leo, na kwa vile miezi mitatu ijayo unaoa basi nakujibu kwa kirefu, vumilia.

Masikio ya mama yako unajua yalivyoanza, kidogo kidogo, kwanza akawa anasema sisi tunanong'ona, afu akaacha kusikia simu ikiita, afu mwaka jana tukaambiwa la kushoto limeisha na la kulia limebaki kidogo. Ile mashine ya sikio anaivaa akienda shughulini, nyumbani anaivua, anasema inamletea kelele za sufuria tu.

Kitu ambacho hukuwepo kukiona ni kilichompata na muvi. Mama yako alikuwa mtu wa muvi za DJ, unakumbuka, za Kihindi, za Kikorea, DJ anaongea juu ya wote, mwanamke yeye, mwanaume yeye, mama mkwe yeye, na mama yako anajibizana naye kama jirani wa kibarazani. Masikio yalipopungua DJ ndo alikuwa wa kwanza kupotea, maana mtu aliye mbele yako unaweza kumsoma midomo ila DJ hana midomo, ile inayoonekana pale ni ya Mkorea. Akawa anaaga kwenda kulala saa mbili. Mi nabaki na cherehani yangu. Na hapa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, kuna wiki zilipita humu ndani hatujasemeshana zaidi ya chai tayari, wala hatukugombana, ni kuchoka tu, mimi kurudia neno mara nne na yeye kuniomba nirudie.

Sasa kuna kijana wa laibrari ya muvi hapa mtaani nilimpunguzia suruali mbili, pesa hana, akasema mzee lete flashi nikujazie. Akajaza na folda moja ya vitu vya zamani, anasema hizo zimeshakuwa za bure mtu yeyote anashusha. Nafungua ya kwanza, Girl Shy, ya mwaka 1924, yule mchekeshaji Harold Lloyd wa miwani ya mduara, na kumbe ni fundi cherehani! Kijana yuko kwenye kimji kidogo anajifunza kushona kwa mjomba wake, ana kigugumizi, akimuona msichana tu neno halitoki mpaka mtu apulize filimbi. Na huyohuyo usiku anaandika kitabu cha kuwafundisha wanaume wenzake jinsi ya kuwapata wanawake. Nikamwita mama yako kwa mkono, njoo umuone fundi mwenzangu. Akaja akasimama mlangoni, afu akakaa kwenye mkono wa kochi, afu akakaa kabisa.

Kwenye muvi hizo mtu akiongea picha inakatika, linakuja bango la maandishi, ya Kiingereza, na mama yako Kiingereza hakisomi kwa haraka. Nikachukua kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suti ya mteja, nikawa naandika kwa chaki ya fundi, maneno mawili matatu tu, "anaogopa", "anasema twende", nanyanyua, anasoma, nakung'uta, naandika tena, hivyo hivyo zaidi ya saa nzima. Tulipomaliza vidole vyangu vyote vyeupe na magoti yake yamejaa vumbi la chaki. (Baadaye nikasoma kwamba Japani enzi hizo pembeni ya pazia alikuwa anakaa mtu anaeleza picha na kuigiza sauti za wote, wakimwita benshi, na watazamaji wengine walikuwa wanaenda kwa ajili yake kuliko muvi yenyewe. Kwa hiyo ma-DJ wetu wana babu zao.)

Mwisho wake ndo uliotushika. Binti anayempenda anaolewa siku hiyohiyo na mwanaume mwingine, na Harold kagundua yule mwanaume ana mke tayari na amemficha. Basi anakimbia, gari, tramu, pikipiki, farasi, chochote kinachopita, anafika ndani mbele ya wageni wote, anafungua mdomo aseme simamisheni, neno halitoki. Kigugumizi kimemkaba. Anahangaika, anahangaika, afu anaacha kuhangaika, anamnyanyua bibi harusi anatoka naye. Mama yako alicheka mpaka akajifuta machozi na upande wa kanga. Afu akanyoosha mkono akachukua chaki, akaandika mwenyewe kwenye kitambaa: KESHO NYINGINE.

Na ukiiangalia, mtazame Harold mkono wa kulia. Mwaka 1919 alikuwa anapigwa picha ameshika bomu lililodhaniwa la kuigizia, kumbe la kweli, likalipuka, kidole gumba na cha shahada vikaenda. Muvi zote za baada ya hapo amevaa glavu yenye vidole vya bandia, na kule kuning'inia kote unakomuona kwenye muvi zake anafanya na mkono huo. Mi najua vidole hivyo viwili ni nini, bila hivyo huwezi hata kupitisha uzi kwenye sindano. Mwaka 1923 akamuoa Mildred Davis aliyekuwa anaigiza naye, wakakaa pamoja mpaka mama yule alipofariki 1969.

Sasa nikuambie zilinifanya nini hizi muvi. Miaka yote cherehani yangu imetazama ukuta, unakumbuka, pale chini ya dirisha kwa sababu ya mwanga. Mama yako akiingia anaongea na mgongo wangu, nami namjibu macho yangu yako kwenye kitambaa, miaka ishirini na tisa hivyo, na ikatutosha kwa sababu masikio yalikuwepo. Kwenye zile muvi nikaona mtu akitaka kumwambia mwenzake jambo hawezi kumpa mgongo, akimpa mgongo jambo halifiki. Lazima lipite usoni au mikononi. Ijumaa moja nikamuomba kijana wa jirani tukaigeuza cherehani ikatazama mlango wa jikoni. Mwanga umepungua nimefunga taa ya pili. Lakini sasa mama yako akitokea ananyanyua kikombe, nyusi zinauliza, mi natikisa kichwa, akigeuka namuona ameguna, nanyanyua mkono haya basi leta. Maongezi yetu siku hizi ni hayo, na nakuapia ni mengi kuliko zamani.

Wewe nakujua, ni mtu wa maneno, na huyo mchumba wako ulimpata kwa kuchati, sikulaumu, ndo dunia yenu. Ila nataka mkae wawili mziangalie hizi. Na kwa kuwa unajenga, anzeni na One Week ya Buster Keaton, mchekeshaji mwingine wa enzi hizo, 1920, haifiki nusu saa. Bwana na bibi harusi wanapewa zawadi kiwanja na nyumba ya mbao iliyokuja vipandevipande kwenye makasha, kila kasha na namba yake. Kule Marekani nyumba za hivyo zilikuwepo kweli, unaagiza kwenye katalogi unaletewa kwa treni. Kuna mwanaume mwingine aliyekuwa anamtaka yule binti, anakuja kwa siri anabadilisha namba za makasha. Wao wanajenga kwa kufuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno, na nyumba inatoka imepinda kila upande, mlango uko juu unafungukia hewani. Wageni wakikaribishwa inakuja dhoruba, nyumba yote inazunguka kama pia, na ile siyo kompyuta, walijenga nyumba kweli wakaiweka juu ya kitu cha kuzunguka. Wakishamaliza kuumia anatokea mtu anawaambia mmejenga kiwanja siyo. Kibao kilikuwa kimegeuka, 66 ikasomeka 99. Mwanangu hapo niliisimamisha muvi nikawaza kile kiwanja chako cha Kibaha. Nenda tena na mtu wa ardhi mkahakiki mawe ya mipaka, mimi sitaki kusikia habari za dalali alisema.

Lakini niliyetaka umuone ni yule mke, Sybil Seely. Hakai pembeni kusubiri nyumba iishe. Anapika, anabeba, anachora mioyo ukutani, na kila kitu kikiporomoka sijamuona hata mara moja akimtazama mumewe kwa lile jicho la si nilikuambia. Mwisho wanaivuta nyumba kuipeleka kiwanja chenyewe, inakwama katikati ya reli, treni inakuja, wanafumba macho, treni inapita reli ya pili. Wanapumua. Hapohapo inakuja treni nyingine kutoka upande wa pili inaisagasaga. Keaton anachomeka kibao cha NYUMBA INAUZWA kwenye lile rundo la mbao, anaacha na karatasi ya maelekezo hapo, wanashikana mikono wanaondoka. Ni sekunde chache sana hizo, usiwe umeshika simu.

Ikiisha hiyo wekeni ya Lubitsch, mwongozaji wa muvi, Mjerumani wa Berlin aliyehamia Hollywood, inaitwa The Marriage Circle, ya 1924, kisa chake cha Vienna. Hakuna kukimbizana humo, ni ndoa mbili tu. Ya kwanza ni asubuhi, bwana anavaa soksi, ina tundu. Anafungua droo yake, karibu tupu. Ya mkewe imejaa. Neno hakuna aliyesema na wewe umeshajua ndoa ile imefika wapi. Ya pili wako mezani, kamera haiwaonyeshi, inaonyesha yai na kikombe cha kahawa. Mkono wa mume unagonga yai, mkono wa mke unakoroga kahawa. Mkono wa mume unaondoka. Kijiko kinasimama, mkono wa mke nao unaondoka. Afu unarudi mkono mmoja unasukuma kikombe pembeni. Nyuso hujaziona ila unajua kabisa watu hawa wanapendana.

Ile droo haikuniacha kulala. Nilijiuliza mara ya mwisho kumshonea mama yako nguo ilikuwa lini, nikakuta ni harusi ya dada yako. Nawashonea mtaa mzima mpaka na sare za kwaya ya watu wa kule bondeni, na mke wangu anavaa madera ya kununua. Sikumwambia kitu. Nilichukua futi kamba nikampima, akanyoosha mikono kama alivyokuwa ananyoosha zamani, na hivi ninavyoandika gauni limening'inia ukutani limebaki pindo.

Uliuliza pia mbona wanatembea kwa haraka hivyo. Kamera zilikuwa zinazungushwa kwa mkono, na picha za kila sekunde zilikuwa chache kuliko zile 24 za muvi za sauti, kwa hiyo ukizirusha kwa mwendo wa sasa watu wote wanaonekana wana mbio. Zikirekebishwa vizuri wanatembea kama mimi na wewe. Na zilizobaki ni chache, Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti 2013, kati ya muvi ndefu karibu 11,000 zilizotengenezwa kule enzi hizo zilizosalia kamili kama zilivyotoka ni asilimia 14. Nyingine ziliungua, nyingine zikaoza, nyingine wenyewe walizitupa.

Kuna jambo moja hapo lilimgusa mama yako kuliko yote. Mwaka 1927 ikatoka The Jazz Singer yenye sauti, miaka michache tu Hollywood wakaacha zile bubu, mabango ya maandishi yakaondoka, na viziwi ambao mpaka juzi yake walikuwa wanakaa ukumbini sawa na mtu yeyote wakajikuta wameachwa nje. Chaplin ndo hakukubali haraka, 1931 akatoa City Lights bila maongezi. Mwanzoni kabisa kuna mzee anaigiza fundi wa sanamu, jina lake Granville Redmond, mchoraji mkubwa wa California na alikuwa kiziwi, rafiki yake Chaplin, alipewa nafasi ya kuchorea hukohuko studio. Nilipomwandikia mama yako kwenye kitambaa "huyu hasikii", akachukua rimoti akamrudisha. Na mwisho wa muvi hiyo, yule muuza maua aliyekuwa kipofu sasa anaona, Chaplin amesimama mbele yake na nguo zilizochakaa hamjui, mpaka anapomshika mkono. Hapo mama yako alirudisha mara tatu.

Flashi nimempa shangazi yako, anapanda basi Jumatano, kamfuate stendi. Angalieni zote nne, na huyo binti akipenda nyingine aniambie, folda ina nyingi.

Kuhusu harusi nina ombi moja. Mtuweke mbele tuwaone nyuso, wewe na yeye, na mwenye kufungisha ndoa akae upande ambao mama yako ataiona midomo yake. Watu wanamkalisha karibu na spika wakidhani wanamsaidia, spika haimsaidii chochote.

Na ukija Jumamosi usisimame nje unapiga hodi, mi nitakuwa msikitini na yeye hodi haisikii. Sukuma mlango uingie, usimguse kutokea nyuma anashtuka, zunguka na upande wa jikoni mpaka akuone. Atakushika mashavu kwanza, na atakaa hivyo kidogo anakuangalia. Usianze kuongea.

Baba yako